Rangi Anayoijua Shemeji

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na mdogo wangu amekuja nayo. Nilikuwa kwenye cherehani nikipiga pindo za sare za shule, nikasikia hodi ya mtu asiyetaka kusikika. Nikafungua. Amelowa chepechepe, hana sanduku wala mkoba. Mkononi ana ndoo ya plastiki yenye kifuniko, zile zinazouzwa na rangi ya ukuta, na ndani yake hamna hata nguo moja. Kuna mabunda ya uzi wa pamba, kulabu yake ya kufumia, na mbegu za parachichi zilizokaushwa, zimefungwa kwenye kitambaa.

Nikamuuliza mumewe yuko wapi. Akasema amemwacha kazini. Nikamuuliza kama anajua yuko huku. Aliniomba tu simu ikilia nisimtaje.

Nimempa chumba cha wanangu pacha, kwa kuwa wako bweni mpaka muhula uishe. Mume wangu alimwambia karibu, karibu, akarudi kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Mama mkwe alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza mgeni atakaa mpaka lini.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Amelala kutwa nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amepiga simu.

Niseme ukweli, katika ukoo wetu hakuna mkwe anayesifiwa kama yeye. Baba alipofariki ndiye aliyeshughulikia jeneza, mahema na chakula cha waombolezaji. Mwaka jana alimletea mama mkwe blanketi zito, ingawa si mama yake wala wa mkewe. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Leo pia aliongea kwa upole uleule. Mkewe ametoka nyumbani, siku hizi hayuko sawa kichwani, yeye hana hasira naye, anataka tu kujua kama amekula.

Nikasema sijamwona. Akasema:

"Basi dada, ukimwona mwambie mlango sijaufunga."

Nilipomfikishia mdogo wangu maneno hayo ya mlango, aliinuka akakimbilia uani, akatapika.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimejua.

Alikaa kibarazani nyuma akijaribu kufuma. Mtu akifuma, mkono wa kulia unashika kulabu na wa kushoto unaupokea uzi na kuubana, na kidole cha mwisho ndicho kinachoukaza usilegee. Vidole vyake viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto havikunjiki. Vimesimama kama vijiti. Uzi ulimponyoka, akaanza upya, ukamponyoka tena. Mwishowe akaupitisha nyuma ya shingo ili shingo ifanye kazi ya kidole, na mishono ikaanza kukaa sawa.

Nikamuuliza. Alinisimulia bila kuacha kufuma. Alikuwa ameuza mfuko mmoja kwa jirani bila kumwambia mumewe. Mumewe alirudi kazini, akala, akamshukuru kwa chakula. Kisha akamwita mlangoni na kumwambia aweke mkono wake pale kwenye fremu, upande wa bawaba.

"Hakunishika, dada. Aliniambia niweke mwenyewe. Nikaweka. Akaufunga taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto."

Baadaye alimpeleka hospitali yeye mwenyewe, akamweleza daktari kwamba ulikuwa upepo. Waliporudi, mumewe alizichoma nyuzi zake zote uani. Hizi za kwenye ndoo ni zile alizokuwa amezificha kwa jirani.

Nimekuwa nikimsifu mtu huyo kila kikao cha ukoo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempa mume wangu habari yote. Amesikitika. Kisha akasema labda tungemsikia na mwenzake pia.

Ijumaa, 14 Machi

Hofu yangu kubwa sasa ni mama mkwe. Kutwa kucha anamtaja Shemeji na blanketi lake, kwamba baridi hii angekufa kama si yule kijana. Ana simu yake ndogo ya vibonye na hupenda kupigia watu kusalimia. Leo alipokuwa anaoga nimeichomoa betri nikaificha kwenye kopo la vifungo. Nimemwambia mvua imeharibu mtandao. Ameniangalia kwa muda, akasema mtandao wa siku hizi nao una mambo.

Alhamisi, 20 Machi

Amemaliza mfuko wa kwanza, na lazima niandike namna ulivyotengenezwa, maana sikujua kwamba uzi unaweza kubeba rangi za jikoni namna hii.

Kwanza aliuchemsha uzi na shabu ili rangi ishike. Maganda ya vitunguu yalitoa njano ya kuelekea chungwa. Majani ya chai yaliyokwisha kunywewa yalitoa kahawia. Mbegu za parachichi alizikatakata akaziweka jikoni moto mdogo sana, maji yasitokote, na kufikia jioni yalikuwa mekundu kama damu iliyopauka. Uzi uliolala humo ulitoka waridi. Kisha akauchovya kwenye maji ya misumari yenye kutu, na mbele ya macho yangu waridi ile ikageuka zambarau, lakini zambarau iliyochoka, kama nguo ya thamani iliyofuliwa miaka mingi. Anasema hajawahi kuiona kwa mtu mwingine. Alihangaika nayo mwaka mzima mpaka akaijua.

Mfuko unaanzia kwenye kitako, mzunguko juu ya mzunguko, umekazwa kiasi kwamba punje ya mchele haipenyi. Juu ya hapo mishono inaachiana kama wavu, kwa hiyo mfuko mtupu unaenea kiganjani na ukijazwa unabeba mzigo wa watu wawili. Mipini ni ya zambarau.

Na mimi nimejaribu. Wangu umepinda kama kofia ya mlevi. Mdogo wangu aliutazama, akafunika mdomo, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu aje.

Mama mkwe anasema nyumba imegeuka kiwanda na nguo zake zote zinanuka vitunguu.

Jumamosi, 22 Machi

Mama mkwe ameuchukua mfuko bila kuomba ruhusa, akaenda nao dukani. Amerudi umejaa viazi, na nyuma yake anakuja Mama Duka mwenyewe, yule wa ng'ambo ya barabara, kuuliza nani kafuma na kama anaweza kupata mingine ya kuuza. Nilisema ni ya kwetu, kazi ya nyumbani tu. Akatosheka.

Nilitegemea mdogo wangu akatae. Akasema, "Dada, nikikaa bila kazi nitawaza. Acha nifume."

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua bado. Wiki zote hizi nimeandika kidogo kwa sababu mambo yalikuwa mazuri, na mtu akiwa na raha hana la kuandika. Anafuma tangu asubuhi hadi mwanga unapokwisha. Anakula. Kila ninapotoka kupeleka sare namwona mtu na mfuko wetu: mwanamke wa samaki, mwalimu wa chekechea, fundi viatu ambaye ametia humo kalibu zake za mbao za kuundia viatu. Mipini ya zambarau inapita huku na huku barabarani. Naona fahari.

Alhamisi, 10 Aprili

Mdogo wangu hatoki nje, lakini leo alikuja chumba cha mbele kunisaidia kutia vifungo. Pazia lilikuwa wazi kidogo. Akapita mwanamke na mfuko. Mdogo wangu akaanguka chini ya dirisha kama aliyepigwa risasi, akabaki amejikunyata pale, macho yamemtoka.

Nilidhani kamwona mumewe. Nikachungulia, hakuna mtu. Akasema, "Dada, tumefanya nini?"

Siku ile Shemeji alipochoma nyuzi alibakiza bunda moja la zambarau. Alilishika akaliangalia, akalitia mfukoni. Akamwambia sasa rangi hiyo anaijua, na popote atakapoiona atajua nani yuko nyuma yake.

Kazi ilikuwa imemsahaulisha tishio lile, nasi tumeitundika dukani.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeshinda nikikusanya mifuko. Nimewaambia watu rangi ina kasoro, itachuja na kuharibu vyakula, niwape mingine. Mwanamke wa samaki ameniambia wake umebeba samaki kwa majuma haujachuja hata tone, labda nimepata mteja mwenye nazo. Fundi viatu aligoma kabisa, mpaka nikamshonea suruali iliyochanika bure. Mwalimu wa chekechea alinihurumia, alidhani nimechanganyikiwa.

Mama Duka alinitajia yote aliyouza na nimeipata, isipokuwa mmoja. Dereva wa lori alisimama kununua maji, akaupenda, akamnunulia mkewe. Lori lilikuwa linaelekea upande wanakoishi mdogo wangu na Shemeji.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Shemeji alikuwa akinipigia kila wiki. Wiki hii hajapiga.

Jumamosi, 19 Aprili

Hajapiga.

Jumatano, 23 Aprili

Hajapiga. Nilikuwa naichukia simu ikilia. Sasa naiweka mbele yangu juu ya cherehani na kuiomba ilie, anidanganye kwa ile sauti yake, nijue yuko mbali. Mume wangu anasema ni dalili njema, pengine amekata tamaa. Mume wangu ni mtu mwema, na nimeanza kuuogopa wema wake.

Jumamosi, 26 Aprili

Amekuja.

Ilikuwa alasiri, mvua inamwagika, na mume wangu alikuwa nyumbani kwa sababu kibanda chake cha redio kinavuja. Hodi ikabishwa. Kabla sijasimama yeye ameshafungua, na nikamsikia akisema kwa furaha ya kweli, "Aa, shemeji! Ingia, ingia, utalowa."

Alisimama mlangoni akijifuta miguu kwa makini ili asichafue sakafu. Mkono mmoja ulishika mwavuli. Mwingine ulishika mfuko wenye mipini ya zambarau, umejaa machungwa.

Mdogo wangu alikuwa chumba cha pacha. Nilisikia komeo likisukumwa kwa ndani, taratibu sana. Nikakanyaga cherehani, nikashona kitambaa kitupu, ili sauti ya mashine ifunike.

Alikaa. Alisalimia kila mtu, aliuliza habari za pacha, alimpa mama mkwe machungwa. Kisha akauweka mfuko mtupu juu ya meza ya cherehani, karibu na mkono wangu, akaulainisha kwa kiganja.

"Kazi nzuri, dada. Mama wa dukani ameniambia inatoka nyumba hii."

Mume wangu akasema, "Eeh, hiyo..." kisha akanitazama mimi. Shemeji aliuona ule mtazamo. Aliuona vizuri.

"Yangu hiyo," akasema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake cha pembeni. "Lete hapa. Umeuvutavuta, mpini umelegea."

Aliuchukua mfuko mezani. Kisha akatia mkono chini ya mto anaoegemea, akatoa kulabu na bunda la uzi. Sikujua kama anavyo. Akaupitisha uzi nyuma ya shingo, kama afanyavyo mdogo wangu, akaanza kufuma.

Sijawahi kutazama mikono ya mtu namna ile. Kitanzi cha kwanza kikaingia. Cha pili kikasita, kikaingia. Shemeji alijongea mbele kwenye kiti, viwiko magotini, akivifuata vidole vya mama mkwe kama anayesoma. Mshono mmoja ukamponyoka. Mama mkwe akasonya.

"Umenikalia mwanga, baba. Sogea."

Shemeji akasogea. Nami ndipo nilipoona kwamba kucha za mama mkwe zina rangi, zambarau mpaka kwenye mizizi. Nilikuwa nikitoka mchana kupeleka sare, na kumbe wale wawili walikuwa wakifuma pamoja.

"Na rangi unaitoa wapi, mama?" akauliza.

"Mbegu za parachichi na misumari ya kutu. Unataka kujifunza? Kaa, nichemshe."

Akatabasamu. "Mke wangu hutengeneza rangi kama hii."

"Basi mkeo ana akili," akasema mama mkwe bila kuinua macho. "Ilikuwaje ukampoteza?"

Cherehani ilisimama. Shemeji akasimama, bado anatabasamu, akamwomba mama mkwe mfuko wake, akatushukuru kwa ukarimu. Akiwa mlangoni alisema amepanga chumba hapa jirani, ana shughuli za siku chache.

Alipoondoka nilimwendea mama mkwe nikapiga magoti. Akaniambia, "Ulidhani mimi ni jiwe? Kila upepo ukibamiza mlango, mtoto yule anakumbatia mkono wake. Nilimuuliza, akaniambia." Akaendelea kufuma kidogo, halafu akasema, "Ila blanketi lake nililipenda kweli."

Jumapili, 27 Aprili

Yuko kwenye benchi la Mama Duka, anakunywa soda. Anatazama nyumba yetu.

Jumatatu, 28 Aprili

Yuko. Amemsaidia Mama Duka kupakua magunia. Watu wanamsifu.

Jumanne, 29 Aprili

Hayupo. Nimepata hofu zaidi kuliko alipokuwepo. Nimezunguka nyumba nikikagua madirisha kama mwendawazimu.

Jumatano, 30 Aprili

Yuko.

Mume wangu anasema mtu mwenye nia mbaya hakai peupe namna ile. Anataka awakalishe wote wawili chini, wazungumze kama watu wazima. Nilimuuliza kama atakuwa radhi kuweka mkono wake mlangoni wakati wa mazungumzo hayo. Hatujasemeshana tena. Nilifikiria kwenda polisi, lakini nitasema nini? Kwamba mtu anakunywa soda?

Mdogo wangu hafumi tena mchana, anaogopa kivuli chake kionekane kwenye pazia. Anakaa jikoni na mama mkwe, wanapika rangi. Anasema mikono ikiacha kufanya kazi, kichwa kitaanza.

Ijumaa, 2 Mei

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Leo ilinibidi nipeleke sare shuleni. Nikiwa njiani kurudi mvua ilinikamata, nikajikinga chini ya paa la kinyozi. Nikatazama benchi la Mama Duka kwa mbali. Tupu. Sikungoja mvua ikatike.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, wa uani uko wazi. Sakafu nzima ya jikoni ilikuwa zambarau na inatoa mvuke. Sufuria imebingirika mpaka ukutani. Nikaifuata ile rangi hadi kwenye ujia.

Mama mkwe alikuwa chini, amelala kukingama kwenye mlango wa chumba cha pacha, mkono mmoja umebabuka kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole. Kwa ule mwingine alikuwa ameshika pindo la suruali ya Shemeji. Amelizungusha kiganjani kama anavyozungusha uzi. Shemeji alikuwa amesimama juu yake, viatu vimelowa rangi.

"Dada," akaniambia kwa sauti yake ya siku zote, "mwambie mama aniachie."

Kwa mvua ile kelele zangu zisingesikika. Nikarudi jikoni, nikaokota kifuniko cha sufuria, nikatoka uani na kukipiga kwenye nguzo ya chuma ya kamba ya nguo. Nikapiga, nikapiga, mvua inanimwagikia machoni, mpaka nikaona watu.

Wa kwanza alikuwa Mama Duka, hana viatu, bado ameshika upawa wa kupimia mchele. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba mifuko inatoka kwetu, na sasa yeye ndiye aliyepita mbele yangu akaingia. Kisha fundi viatu, kinyozi, wengine. Shemeji aliwapokea kwa utulivu. Akaeleza kwamba alikuja kumsalimia mama, na mama akateleza na sufuria.

Halafu akaja mume wangu. Shemeji akamgeukia kama mtu aliyefikiwa na msaada.

"Kaka, ni ajali tu, mama kateleza."

Mume wangu alimtazama mama yake pale chini. Alikuwa bado hajaliachia lile pindo. "Mama yangu yuko sakafuni," akasema. "Usiniite kaka."

Mama mkwe ndiye aliyetueleza, katikati ya maumivu. Shemeji aliingia kwa mlango wa uani wakati wanachuja rangi, akamkamata mdogo wangu kifundo cha mkono. Mama mkwe akajitia katikati na sufuria ya moto. Shemeji akamsukuma. Mdogo wangu alichomoka akakimbilia chumbani, na mama mkwe, akiwa chini, akamshika mtu yule mguu kwa mkono uliobaki mzima.

Komeo likafunguliwa. Mdogo wangu akatoka. Watu wengi pale hawakuwa wamejua mpaka siku hiyo kwamba kuna mtu mwingine ndani ya nyumba. Shemeji akamwambia, taratibu, "Twende nyumbani." Mdogo wangu hakumtazama. Alipita, akaleta maji safi ya baridi, akakaa sakafuni kwenye ile rangi na kuanza kuumwagia mkono wa mama mkwe, kidogo kidogo.

Polisi walikuja wakamchukua.

Jumamosi, 3 Mei

Tumelala hospitali kwenye benchi. Mkono utapona, wamesema, ila utabaki na makovu.

Asubuhi tulikwenda kituoni kutoa maelezo. Askari mmoja aliandika habari za mama mkwe kwa bidii, akiuma meno kwa hasira: bibi mzima, ndani ya nyumba yake. Mtaa mzima umejitolea kutoa ushahidi. Alipomaliza akafunga kalamu. Mdogo wangu akaweka mkono wake wa kushoto juu ya karatasi.

"Na huu uuandike," akasema.

Askari akavitazama vile vidole viwili. Akauliza ilikuwa lini. Akauliza kwa nini hakuja wakati ule. Mdogo wangu akasema anakuja sasa. Askari alifungua kalamu.

Nimewaza jambo hili siku nzima na linanichoma. Kwa mkono wa mama watu wameacha maduka wazi wakaja mbio. Ule wa mdogo wangu ulisagwa na mlango, na daktari akaandika upepo.

Jumanne, 13 Mei

Mvua inapungua. Mama mkwe yuko nyumbani. Mdogo wangu anamlisha, anamwosha, anamsuka. Mume wangu ameweka komeo jipya mlango wa uani, kisha akaenda kibarazani alikokaa mdogo wangu na kumwomba radhi. Sikusikia yote. Nilimsikia akisema alitaka kuwa mtu wa haki kwa pande zote mbili. Mdogo wangu alimjibu jambo, kisha mume wangu akamshikia bunda la uzi huku yeye akilikunjua.

Jioni mama mkwe ameniambia mkono unamuuma, hawezi kulala, anataka awapigie watu awasimulie. "Kwa hiyo kanitolee betri yangu kwenye kopo la vifungo," akasema.

Alhamisi, 22 Mei

Leo tumekwenda mahakamani, jua kali, matope yamekauka barabarani.

Wakili wa Shemeji aliomba dhamana. Alisema ni mtu wa heshima, anategemewa na wengi, na kweli walikuwepo watu kutoka kwao waliokuja kumsemea. Nilikaa pale nikasikia sifa zilezile nilizokuwa nikizitoa mimi. Mdogo wangu alikuwa kulia kwangu. Kila sifa ilipotajwa alizidi kunifinya paja. Hakimu aliyasoma makaratasi kwa muda mrefu mpaka nikahisi haja ndogo. Kisha akasema mshtakiwa anaweza kuwadhuru mashahidi, atabaki rumande mpaka kesi isikilizwe.

Kesi haijaisha. Inaweza kuchukua mwaka, wanasema, na anaweza kushinda. Mdogo wangu anajua hivyo. Amepanga chumba nyuma ya duka la Mama Duka, ana wanawake wanne wanaotaka awafundishe kufuma na kupika rangi, zambarau ikiwamo. Anasema hatahama tena.

Walipokuwa wakimtoa Shemeji, njia yake ilipita mbele ya benchi letu. Alikuwa amenyolewa, amevaa shati safi, pingu mkononi. Akasimama. Askari naye akasimama, maana aliongea kwa adabu mno.

"Shikamoo, dada."

Ukumbi uligeuka. Watu wa kwao, karani, yule askari, wote wakasubiri jibu. Tangu nilipojifunza kuongea sijawahi kuiacha salamu hiyo ikining'inia; nimemwitikia hata mwizi aliyekamatwa sokoni. Lile neno lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Nilimwogopa kama nilivyomwogopa siku ya machungwa, labda zaidi. Akarudia, kwa upole zaidi, kama mtu anayemsaidia mtoto:

"Shikamoo."

Sikuitika.